Daktari ameshachukua historia ya mgonjwa: muuguzi aulize nini tena, na aandike nini?

Swali: Mimi ni muuguzi wa stashahada, nina miezi michache tangu nipangiwe wodi ya wanawake katika hospitali ya wilaya. Mgonjwa anapolazwa, faili linafika likiwa tayari na historia aliyoichukua daktari. Fomu ya tathmini ya awali ya uuguzi wengi wetu tunaijaza kwa kunakili alichoandika daktari, kwa kuwa zamu ya jioni tunakuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30. Je, muuguzi ana historia yake ya kuchukua, au tunamsumbua mgonjwa kwa maswali yaleyale? Na kama anayo, nianzie wapi, niandike nini, na nifanyeje pale ndugu wanapojibu kwa niaba ya mgonjwa?

Jibu: Muuguzi anayo historia yake, na fomu iliyonakiliwa ni mbaya kuliko fomu tupu. Fomu tupu inamwambia muuguzi wa zamu ya usiku kwamba mgonjwa bado hajaulizwa, wakati iliyonakiliwa inamfanya aamini kwamba watu wawili wameuliza na wamepata majibu yanayofanana, ilhali ameuliza mmoja tu. Kama daktari, akiwa na foleni nje ya mlango, aliandika kwamba mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote kwa sababu hakupata nafasi ya kuuliza, kosa hilo sasa lina mashahidi wawili.

Historia hizi mbili hutafuta vitu tofauti. Daktari anatafuta ugonjwa: ulianza lini, ulianzaje, umefuata njia gani, unafanana na upi kati ya anaoufahamu. Muuguzi anatakiwa kujua ugonjwa huo umeyafanya nini maisha ya mtu huyu, na ni jambo gani linaweza kumdhuru akiwa mikononi mwetu kuanzia usiku huu. Ukiyashika haya mawili hutarudia maswali ya daktari hata kidogo, na mgonjwa ataliona hilo mapema.

Kabla ya yote, mwangalie. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema, anayetokwa damu, mwenye degedege au asiyejitambua haulizwi historia, anahudumiwa kwanza. Anayehema mnyanyulie kichwa cha kitanda, hakikisha njia ya hewa iko wazi, pima, mwite daktari, na kwa aliyemleta uliza machache tu yasiyosubiri: nini kilitokea, ana mzio wa dawa gani, anatumia dawa gani, ana ugonjwa gani wa siku nyingi, na amekula au kunywa lini mara ya mwisho. Hilo la mwisho watu hulisahau mpaka mgonjwa anapotakiwa chumba cha upasuaji, ambako kwa kawaida anayepewa dawa ya usingizi kwa upasuaji wa kupangwa anatakiwa awe amekaa saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji. Mengine yote yanaweza kungoja.

Sasa tumchukue mgonjwa ambaye hali yake imetulia, wa aina ambayo bila shaka umeshampokea: mama wa miaka 64 kutoka kijijini, miguu imevimba, anachoka haraka. Daktari ameandika kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo, kwamba analazwa kwa mara ya tatu, na kwamba hafuati matibabu. Unaweza kuyanakili hayo kwa dakika mbili. Au unaweza kumwamkia, ukavuta kiti na kukaa ili macho yenu yawe sawa, ukajitambulisha kwa jina na kazi, kisha ukamwambia: "Mama, daktari ameshakuuliza kuhusu ugonjwa, nami nimesoma. Mimi ndiye nitakayekuhudumia jioni hii. Naomba unisimulie siku yako ya juzi ukiwa nyumbani, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Halafu nyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakaona kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza shida yake, na kwamba wagonjwa wachache mno walipata nafasi ya kumaliza. Sisi wauguzi hatuna sababu ya kujiona bora. Tunakatiza kwa kutazama saa, kwa kujaza fomu huku mgonjwa akisema, na kwa kumwambia jirani wa kitanda cha pili kwamba tunakuja.

Mama huyu akiachwa aseme, atakuambia kwamba hakuamka juzi kwa sababu hakulala. Wiki tatu sasa analala ameketi, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Hapa utaona udhaifu wa swali tunalofundishwa chuoni, lile la kumuuliza mgonjwa wa moyo analalia mito mingapi. Mwenye mto mmoja nyumbani atakujibu kwamba analalia mmoja, nawe utaandika mmoja, na dalili kubwa ya ugonjwa wake itakuwa imepita mbele yako bila kuonekana. Ataendelea kukuambia kwamba maji anachota mjukuu, kwamba siku hizi anapika akiwa amekaa kwenye kigoda, kwamba magoti yamemsumbua sana mwezi huu. Ukimuuliza kuhusu ile dawa ya kukojoza, atakuambia kwa sauti ya chini kwamba anaimeza kila siku isipokuwa siku ya gulio na Jumapili, kwa kuwa njia ni ndefu na hakuna pa kujisitiri. Na siku ya kliniki? Hata siku ya kliniki haimezi, kwa sababu hiyohiyo.

Hebu tazama dakika hizo zimeleta nini. "Hafuati matibabu" sasa ni jambo linaloweza kutatuliwa, kwa kuwa furosemidi, hiyo dawa yake ya kukojoza, ikimezwa huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya saa 6 hadi 8, hivyo daktari anaweza kukubali siku ya gulio aimeze alasiri akirudi badala ya kuiacha. Kuhusu kulala ameketi, utajua kwamba kitanda chake kinyanyuliwe upande wa kichwa usiku wote, na zamu ijayo isije ikamlaza chali kwa nia ya kumpumzisha. Anaamka usiku mara kadhaa kukojoa, anachoka akitembea, na choo cha wodi kiko mwisho wa korido: mtu huyu anaweza kuanguka leo usiku, kwa hiyo apewe kitanda cha karibu na choo au chombo cha haja pembeni. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kwenye historia ya daktari, wala si kosa lake, kwa kuwa si alichokuwa akikitafuta.

Kama chuoni ulifundishwa mpangilio wa Marjory Gordon wenye maeneo 11, kuanzia mtu anavyoilinda afya yake, lishe, haja, shughuli na usingizi hadi mahusiano na imani, utaona kwamba simulizi ya siku moja inagusa karibu yote bila kumfanya mgonjwa ajione yuko mahakamani. Fomu uijaze baadaye kutokana na simulizi, halafu urudi kuuliza mapengo tu.

Mapengo hayo yana maswali yake, na maswali hayo yana namna ya kuulizwa. Kanuni moja ya zamani inatosha kuongoza mengi: Florence Nightingale, mwaka 1859, aliwaonya wanaowauguza wagonjwa wasiulize kama mgonjwa alikuwa na usiku mwema, bali waulize amelala saa ngapi, na katika saa zipi za usiku. Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana huzaa adabu. Wagonjwa wetu wamelelewa kutomkatisha tamaa mtu mwenye sare, na ukimwambia "Dawa unakunywa vizuri, eti mama?" atakubali. Muulize hivi: "Watu wengi hupitiwa na dawa zao. Katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi imetokea hukumeza?" Swali hili limeshamruhusu kusema ukweli kabla hajajibu.

Kwenye dawa usikubali majina ya kukumbuka. Omba mfuko. Karibu kila mgonjwa anayekuja kulazwa amekuja na mfuko wa plastiki wenye vidonge, bahasha ndogo zilizoandikwa 1x3 na vibao vilivyokatwa nusu, nao una ukweli mwingi kuliko kadi. Mimina mezani, hesabu, uliza kila kimoja ni cha nini na kimenunuliwa wapi. Kisha uliza kwa viungo vya mwili, maana mtu anayeulizwa "dawa gani nyingine unatumia" hutaja za hospitali tu: kuna kitu chochote unachotumia kwa ajili ya magoti, mgongo, kichwa, tumbo, usingizi, nguvu? Mama wetu wa magoti yanayouma atatoa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu aliyoinunua duka la dawa, vidonge viwili kwa siku tangu siku kumi zilizopita. Dawa za kundi hilo huufanya mwili utunze chumvi na maji na hupunguza nguvu ya dawa ya kukojoza, kwa hiyo huenda ndizo zilizomleta wodini. Yeye hakuihesabu kuwa dawa ya ugonjwa wake, na hakuna aliyemuuliza habari ya magoti. Vivyo hivyo kwa dawa za miti shamba. Ukiuliza kwa uso wa kukemea hutaambiwa mpaka figo zimeshapata shida.

Mzio nao hauandikwi kwa neno moja. Neno "mzio" peke yake, hata likiwa na jina la dawa mbele yake, halimsaidii anayekuja kuandika dawa saa nane za usiku. Andika dawa, mwaka, kilichotokea, kilitokea baada ya muda gani, na kilivyotibiwa. Kutapika baada ya kumeza dawa bila chakula ni jambo moja. Malengelenge mdomoni na ngozi kuchubuka siku kadhaa baada ya kuanza Septrini ni jambo jingine kabisa, na anayelijua hilo hatampa mgonjwa dawa hiyo tena maisha yake yote. Kinyume chake pia kina madhara, kwa kuwa wengi walioandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini wakichunguzwa huonekana hawana, na wanaishia kupewa dawa dhaifu zaidi au za gharama kubwa kwa sababu ya neno moja lisilo na maelezo.

Pombe iulize kwa kipimo cha mahali hapo. Kuna wanaokunywa bia ya chupa, wanaokunywa konyagi, na wanaokunywa mbege, ulanzi au gongo kwa kikombe au kwa lita. Kiasi ni muhimu, lakini kwa muuguzi swali kubwa zaidi ni lini alikunywa mara ya mwisho. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla huanza kutetemeka na kutokwa jasho kati ya saa 6 na 24, na ile hali ya kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo huja kwa kawaida siku ya pili hadi ya tatu, wakati ambapo wodi nzima imeshasahau alikotoka na usiku wa manane anaitwa mkorofi na kufungwa kitandani. Saa moja iliyoandikwa kwenye fomu siku ya kulazwa inaweza kuokoa uhai wake.

Nikiwa kwenye saa, nikusihi jambo dogo. Mgonjwa akikuambia amemeza dawa saa nne, hakikisha ni ya asubuhi au ya usiku, kisha andika 10:00 au 22:00. Nimeona faili ambamo mtu aliandika 4:00 kama alivyosikia, na dozi iliyofuata ikatolewa kwa hesabu isiyo sahihi. Katika insulini au dawa ya kifafa, hilo si dogo tena.

Mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa aulizwe tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, hata kama amelazwa kwa malaria au jipu, kwa sababu eksirei na dawa kadhaa hutegemea jibu hilo. Kama ni mjamzito, makadirio ya kujifungua hupatikana kwa kuongeza siku 7 na miezi 9, hivyo hedhi ya tarehe 10 Machi hutupa 17 Desemba, mradi mzunguko wake ni wa kawaida wa siku 28. Historia ya uzazi iulizwe kwa ukamilifu, pamoja na mimba zilizoharibika na watoto waliofariki, ila kamwe usiiulize mbele ya mume au mama mkwe. Kuna mimba ambazo nyumba aliyoolewa haizijui, na si kazi yetu kuzitangaza.

Hapa nafika kwenye sehemu ya swali lako kuhusu ndugu. Ndugu si adui wa historia. Ndiye anayejua mgonjwa alikoroma vipi usiku wa degedege, ndiye anayenunua dawa, na kwa mtoto mchanga au mzee aliyepoteza kumbukumbu hatuna chanzo kingine. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa mfano, mama ndiye atakayekuambia kama anashindwa kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea tofauti na siku zote, na kadi ya kliniki aliyoikunja kwenye kanga itakupa uzito na chanjo. Tatizo huanza pale mtu mzima mwenye akili timamu anaposemewa. Usimnyamazishe ndugu mbele ya mgonjwa wake, utakuwa umempoteza, na huenda ndiye atakayemuuguza akiruhusiwa. Mwache amalize, mshukuru, kisha mgeukie mgonjwa: "Mama, kaka ameeleza vizuri. Nawe mwenyewe uliionaje?" Mara nyingi inatosha. Isipotosha, mtume ndugu kwa heshima akafuatilie kadi ya bima au akanunue maji, na hapo ndipo uulize yanayohitaji faragha.

Faragha nayo, katika wodi ambayo vitanda vyake vinakaribia kugusana, haipatikani kwa kuvuta pazia, kwa kuwa pazia huzuia macho tu. Maswali ya VVU, ya magonjwa ya zinaa, ya kupigwa nyumbani, ya kujaribu kujidhuru, yasubiri mnapokwenda kwenye mzani au kwenye chumba cha kuvalishia vidonda. Dakika tatu mnapotembea pamoja huleta zaidi ya robo saa kitandani. Pale ambapo mgonjwa hazungumzi Kiswahili, tafuta mfanyakazi mwenzako anayeijua lugha yake. Kumtumia mtoto wake wa miaka kumi kutafsiri habari za kutokwa na damu ukeni ni kumtesa mtoto na kumfunga mama mdomo.

Uliza pia kazi na mahali anapoishi, maswali ambayo fomu zetu huyapa mstari mmoja na sisi tunauruka. Kijana aliyechimba madini Mererani au Geita anakohoa kwa sababu ambazo mshona nguo hana, maana vumbi la mwamba huharibu mapafu na hufungulia kifua kikuu mlango. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku na kupungua uzito viulizwe kwake vyote vinne, na kama anaishi na VVU kikohozi cha muda wowote kinatosha kumfanyia uchunguzi. Anayelima mpunga au kuvua Ziwa Victoria ana kichocho cha kufikiriwa. Mama aliyepika kwa kuni miaka 40 kwenye jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na mapafu kama ya mvutaji ingawa hajawahi kushika sigara. Mwenye kisukari aulizwe insulini anaiweka wapi. Asiye na jokofu anaweza kuihifadhi vizuri kwenye chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji, lakini aliyeiacha juu ya kabati chini ya bati anajidunga dawa iliyokwisha nguvu, na sukari yake haitashuka hata tukiongeza dozi. Na Mwislamu mwenye kisukari aulizwe mapema kama anakusudia kufunga Ramadhani, ili mpango wa dawa upangwe naye badala ya kupangwa kinyume chake.

Sasa kuandika. Linganisha maandishi mawili kuhusu mama yule yule. La kwanza ndilo ninalolikuta kwenye mafaili mengi: "Mgonjwa amepokelewa wodini akiwa na hali ya wastani, analalamika kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hana mzio. Hafuati matibabu. Anaendelea na huduma." La pili ni hili:

"12/6/2025, saa 19:40. Historia imetolewa na mgonjwa mwenyewe kwa Kiswahili. Binti ameongezea majina ya dawa. Maneno ya mgonjwa: 'Nikilala chali nabanwa, nakaa hivyo mpaka kunakucha.' Analala ameketi kwa takriban wiki 3. Kabla ya hapo alilala kawaida. Kutoka kitandani hadi mlangoni mwa wodi amepumzika mara moja. Anaamka kukojoa usiku mara 3. Furosemidi miligramu 40 mara moja kwa siku. Haimezi siku ya gulio, Jumapili na siku ya kliniki kwa kukosa choo njiani. Dozi ya mwisho jana saa 07:00. Diklofenaki ya duka la dawa kwa maumivu ya magoti, vidonge 2 kwa siku kwa siku 10, cha mwisho leo saa 06:00. Mzio: Septrini, mwaka 2019, malengelenge mdomoni siku ya tatu ya dawa, alilazwa. Hanywi pombe, havuti sigara, anapika kwa kuni. Hali ya VVU hajaulizwa, faragha haikupatikana. Daktari wa zamu amejulishwa kuhusu diklofenaki na Septrini saa 19:55." Chini yake jina, cheo na sahihi.

Faili zetu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, nawe utaandika hivyo, ila maneno ya mgonjwa mwenyewe yaache kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu. Ukiyageuza kuwa istilahi, aliyesema "nabanwa" anakuwa ameshapewa utambuzi wa ugonjwa kabla ya kupimwa.

Andishi la pili limetaja chanzo cha habari, jambo ambalo wengi hulipuuza, kumbe historia iliyotolewa na dereva wa bodaboda aliyemwokota mgonjwa barabarani ina uzito tofauti na ya mgonjwa mwenyewe. Limetofautisha "hana" na "hajaulizwa". Hilo nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu anayesoma "hana" anafunga mlango, na anayesoma "hajaulizwa" anajua kuna kazi imebaki. Halina neno la kumhukumu mgonjwa. Maneno kama mkorofi, mzembe, mbishi na hana ushirikiano huhama naye kutoka faili hadi faili, na kila atakayemhudumia atamkuta ameshalaaniwa. Andika alichofanya, alichosema na sababu aliyoitoa. Mwisho, limeonyesha kwamba habari ya hatari haikuachwa kwenye karatasi ingojee kusomwa. Imefikishwa kwa mtu, na saa imeandikwa.

Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, andika lililo sahihi, weka tarehe na saini yako. Usifute kwa wino mweupe wala usichane ukurasa. Kosa linaloonekana husameheka, lililofichwa hugeuka ushahidi dhidi yako. Usiache mistari mitupu ambayo mwingine anaweza kuijazia. Ukikumbuka jambo baada ya saa tatu, liandike kwa saa uliyoliandika na useme ni nyongeza. Kwenye mfumo wa kompyuta kama GoT-HOMIS wa hospitali za serikali, tabia mbaya ni ile ya kunakili maandishi ya jana na kubadili tarehe, hivyo mgonjwa aliyekwisha kutembea anaendelea kuonekana amelala kitandani kwa wiki nzima. Na picha ya faili isiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata la wenzako wa wodi na hata kwa nia ya kuomba ushauri, kama mgonjwa anaweza kutambulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa habari za VVU Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilishaweka wajibu wa usiri kabla yake.

Umesema mko wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30, nami siwezi kukujibu kana kwamba sikulisikia hilo. Uhaba wa wauguzi hauondolewi na fomu, na anayewalaumu vijana wa zamu ya jioni kwa kunakili bila kuhesabu vitanda hawatendei haki. Ila yapo yanayoweza kugawanywa. Jioni ya kulazwa, kwa kila mgonjwa mpya, pata yale yanayoweza kumdhuru kabla ya asubuhi: mzio kwa maelezo yake, mfuko wa dawa na saa ya dozi ya mwisho, pombe na saa ya mwisho kunywa, hedhi ya mwisho, uwezo wa kutembea na kujisaidia, maumivu, na chakula cha mwisho. Mengi ya hayo unaweza kuyauliza huku ukijiandaa kuhesabu kupumua na ukifunga kitambaa cha kipimo cha shinikizo la damu, ila nyamazeni wakati wenyewe wa kuhesabu na kupima. Simulizi ya siku, kazi, makazi, uzazi na mambo ya siri yapangie asubuhi, wakati wa kuoga na kutandika vitanda, ambapo wagonjwa wenyewe hupenda kuzungumza. Hospitali nyingi hutaka tathmini ya awali iwe imekamilika ndani ya saa 24, na muda huo unatosha. Kwenye makabidhiano ya zamu usiseme tu kwamba mgonjwa wa kitanda cha saba amelazwa na anaendelea vizuri. Sema yapi yameulizwa na yapi bado, na anayepokea aandike jina lake mbele ya yale yaliyobaki.